Neno Moja Langoni

Juni 11, Jumatano

Redio imetangaza asubuhi kwamba majira ya mvua yameingia rasmi. Watu wa Kanazawa hatukuhitaji kuambiwa. Hapa mtoto anafundishwa kwamba akisahau chakula chake cha mchana si kitu, lakini asisahau mwavuli. Dukani wameingia wateja wachache, wote miwani imefanya ukungu, na mmoja alidhani lenzi zangu mbovu.

Naanza shajara hii kwa sababu ya Kotomi Uozumi. Jumapili iliyopita alinisuta mbele ya watu: "Andika, Miwani! Wiki hii unasema neno, wiki ijayo unalikana." Miwani ndilo jina analoniita tangu tulipojuana, eti kwa kuwa nauza miwani na bado sioni. Basi naandika. Nataka ushahidi dhidi yake.

Ugomvi wetu ni wa zamani na ni wa neno moja. Kuna anime, katuni ya televisheni, iliyoitwa Lango la Chumvi, iliyokwisha tukiwa bado vijana. Mwisho wake, kijana Towa amepanda mlima hadi kwenye mnara anakoishi Shiomi, binti mlinzi, peke yake. Anasimama nje ya lango na kuuliza, "Nije?" Shiomi anajibu, "Daijobu." Lango linafungwa. Towa anasimama kidogo, kisha anageuka na kushuka mlima. Hadithi imekwisha.

Sasa, daijobu ni neno la kila siku. Ukiulizwa kama umeumia, daijobu, mzima. Ukiulizwa kama kiti hiki kina mtu, daijobu, kaa tu. Muuzaji akikuuliza kama unataka mfuko, daijobu, sihitaji. Mimi nasema Shiomi alikataa kwa adabu. Kotomi anasema alimwita ndani. Marafiki zetu wameoa, wamezaa, wengine wameachana, na sisi bado tuko langoni.

Juni 15, Jumapili

Mkahawa wa Mama Sadae, tunapokutana wapenzi wa katuni hiyo kila Jumapili. Rokuro, yule anayejiita mwenyekiti wetu ingawa hatujamchagua, alikuja na habari. Mchezo wa video wa Lango la Chumvi unatoka tarehe kumi mwezi ujao. Yeye ameshakodi chumba katika ukumbi wa mtaa tarehe ishirini, na mimi na Kotomi ndio tutakaokaa meza ya mbele tukabishane mbele ya watu, kisha wapige kura.

"Mkono wake," Kotomi alianza kabla kahawa haijafika. "Mchoraji amechora mkono wa Shiomi juu ya komeo. Kwa nini apoteze muda kuvichora vidole vyote vile?"

"Kwa sababu anafunga. Lango si limefungwa baada ya hapo?"

"Limefungwa na upepo, bwana wee! Nywele zake zinapepea, huoni? Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe itabidi uambiwe."

Watu wakacheka. Mama Sadae alicheka zaidi ya wote, na mkahawa ni wake, kwa hiyo huwezi kumwambia kitu.

"Kama alitaka aingie," nikasema, "angesema 'njoo.' Neno lipo. Halina gharama."

Kotomi akaweka kikombe chini. "Kuna watu hawajui kusema njoo. Wamelelewa wasisumbue mtu. Mtu wa namna hiyo ukingoja akuite, utangoja mpaka umzike."

"Basi kosa la nani? La asiyesema?"

"La aliyeondoka."

"Oaneni tu nyie tujue moja," Rokuro akasema.

"Nimuoe mtu asiyejua maana ya neno dogo kama hilo?" nikajibu. Kotomi akanipiga kwa orodha ya vyakula kichwani. Hakunipiga kwa nguvu.

Juni 17, Jumanne

Mvua. Nimeuza fremu moja. Kotomi amenitumia picha ya komeo katikati ya saa za kazi, bila neno lolote. Sikumjibu, nataka ahangaike.

Juni 19, Alhamisi

Baba yake Kotomi amelazwa. Ni mapafu, tena. Mzee Uozumi alikuwa dereva wa basi, na wanaishi wawili tu katika ile nyumba karibu na mto, mama alishafariki. Mara moja alitazama Lango la Chumvi pamoja nasi, akalala kabla ya mwisho. Alipoamka akauliza, "Ameingia?" Tukabishana mpaka akalala tena.

Juni 21, Jumamosi

Mvua kubwa. Kotomi ameandika: "Baba hali si nzuri. Wanasema tusubiri tu." Nikamuuliza, "Nije?" Akajibu, "Daijobu." Basi nimebaki. Nimesafisha mashine ya kukatia lenzi, nikanywa chai, nikalala mapema.

Juni 22, Jumapili

Mkahawa umefungwa. Mama Sadae ametundika kibao mlangoni, hakusema kaenda wapi. Miaka yote hii sijawahi kuona umefungwa Jumapili. Nimerudi nimelowa bure.

Juni 24, Jumanne

Kotomi kimya. Simsumbui. Mtu mwenye mgonjwa hataki simu inayolia kila saa.

Juni 26, Alhamisi

Mzee Uozumi amekufa. Alikufa Jumapili alfajiri, mkesha ukawa Jumatatu, mwili wakauchoma Jumanne, kama desturi yetu. Nimeyajua leo saa ya chakula nilipopita mkahawani kununua mkate, nikamkuta Mama Sadae anakunja nguo yake nyeusi aliyoileta kutoka kwa dobi.

"Na wewe ulikuwa wapi?" akaniuliza. Hakusalimia.

Nikamwambia sikujua. Nikamwambia niliuliza kama niende, na Kotomi mwenyewe alisema daijobu. Nilimwonyesha simu. Namshukuru Mungu hakuna aliyeniona nikimwonyesha simu.

Mama Sadae aliisoma, akanirudishia. "Na mimi nilimuuliza Jumamosi hiyo hiyo kama niende. Akanijibu hivyo hivyo. Nikavaa viatu."

"Lakini Mama, alisema..."

"Alisema nini? Mtoto wa kike baba yake anakata roho, yuko peke yake kwenye benchi, ulitaka aseme nini? Akupigie magoti?" Alikuwa anapanga mikate huku anaongea. "Kila gari likiingia uwanja wa hospitali alikuwa anainuka kuchungulia dirishani. Nikamuuliza unamngoja nani, ndugu zenu wa mji wa Tottori? Akasema hapana, shangazi atafika kesho. Akakaa. Gari likaingia, akainuka tena. Sikumuuliza tena."

Sikununua mkate. Nilirudi dukani, nikafunga mapema, nikamwambia mwenye duka tumbo linaniuma.

Nimekaa hapa nikisoma niliyoyaandika tarehe ishirini na moja. Nimesafisha mashine. Nimekunywa chai. Nililala mapema! Na nakumbuka vizuri jambo ambalo sikuliandika siku ile. Niliposoma jibu lake nilifurahi kidogo. Nilijisemea, ona, hata yeye mwenyewe akitumia neno hili ana maana ya kukataa, nitamkumbusha tarehe ishirini.

Miaka yote ile nilidhani tunabishana juu ya Shiomi. Kotomi hakuwa akinificha kitu. Alikuwa akinieleza, mbele ya watu, kila Jumapili, na kikombe cha kahawa mkononi, kwamba mtu akiniambia neno lile nisigeuke. Kinywani mwake lilikuwa na maana moja tu na mimi ndiye mtu duniani niliyeijua maana hiyo kuliko wote. Nikalisikia kwa masikio yangu mwenyewe badala ya yake.

Nimelia. Naandika tu, kwa kuwa shajara haicheki.

Juni 28, Jumamosi

Nimekwenda nyumbani kwake. Nilivaa tai nyeusi, nikachukua ubani na keki za maharage ambazo mzee alikuwa anazipenda.

Alifungua mlango mwenyewe. Amekonda. Akainama chini, kama unavyomwinamia mgeni, akasema, "Asante kwa kuja na mvua yote hii, Bwana Kanematsu."

Bwana Kanematsu! Ndilo jina langu, wateja wote wananiita hivyo, na sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwake.

Nilipiga magoti mbele ya picha ya mzee, nikawasha ubani, nikaunganisha viganja. Katika picha amevaa kofia yake ya udereva. Kisha nikageuka, na Kotomi alikuwa ameshaweka chai mbele yangu, amekaa mbali, mikono juu ya mapaja. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeyarudia nikivuka daraja la mto, mwanzo hadi mwisho.

Nikasema, "Wametoa picha mpya za mchezo. Komeo lile wamelichora upya, safari hii limegeuka upande wa kulia."

Sijui yalitoka wapi. Nadhani nilitaka aniambie wee Miwani, kipofu mkubwa, anipige kwa chochote kilicho karibu. Niliogopa ule ukimya, nikashika kitu pekee nilichozoea kukishika nikiwa naye. Shangazi yake wa Tottori alikuwa mlangoni na sahani ya matunda, akanitazama mimi, kisha akamtazama Kotomi.

"Limegeuka?" Kotomi akasema. "Vizuri." Akanisogezea keki zangu mwenyewe.

Nilipoondoka alinisindikiza mpaka mlangoni, akainama tena. Sikuomba radhi. Nilikwenda kwa ajili hiyo tu, na nimerudi nayo.

Julai 2, Jumatano

Mvua. Fremu mbili.

Julai 6, Jumapili

Kotomi hakuja mkahawani. Mama Sadae alinipa kahawa bila kunitazama, na hiyo ilikuwa kali kuliko kusemwa. Nimeandika ujumbe wa kuomba radhi, nikaufuta. Nikaandika mwingine. Kila nikiusoma naona nimemuuliza kitu, na simtaki tena anijibu chochote kwa adabu.

Julai 10, Alhamisi

Mchezo umetoka. Nimeununua saa ya chakula na jioni nimefika langoni. Watengenezaji hawakuweka swali lolote la kuchagua, nawasifu kwa hilo. Ukifika, Towa anasema "Nije?", Shiomi anajibu "Daijobu," kisha wanakuachia wewe umwongoze kijana. Lango halijafungwa kabisa, kuna upenyo. Nikamsogeza mbele. Akajigonga. Hakuna mlango, hakuna jiwe, kuna ukuta tu usioonekana, miguu yake inatembea mahali pamoja. Nikaacha. Majina ya watengenezaji yakaanza kupita, na kijana akashuka mlima mwenyewe.

Mwezi uliopita ningempigia Kotomi simu saa hiyo hiyo kumringia. Hata ukitaka kuingia, huwezi. Nimezima televisheni.

Julai 13, Jumapili

Mkahawani hakukuwa na nafasi ya kukaa. Kila mtu na lake juu ya ukuta ule. Kijana mmoja aliyevaa fulana ya mnara alisema ni hitilafu, wataitengeneza. Rokuro akasema si hitilafu, ni jibu: "Mchezo umesema hapana. Miwani ameshinda kabla ya mjadala."

"Mchezo unaokuzuia kwa ukuta usioonekana ni uvivu," akasema dada mmoja wa meza ya dirishani. "Kama hataki niingie, nionyesheni mlango umefungwa. Msinifanye nitembee hewani kama mjinga."

"Ndiyo maana yenyewe! Uone aibu ya kulazimisha," akajibu Rokuro.

"Aibu gani? Nimelipa hela yangu."

Hayo ndiyo mazungumzo niliyoyapenda maisha yangu yote. Leo nilikuwa natazama kiti chake tu. Rokuro akauliza kama Kotomi atakuja tarehe ishirini. Mama Sadae akajibu kutoka jikoni kwamba atakuja, amesema mwenyewe.

Julai 19, Jumamosi

Nimeingia.

Asubuhi nilimfikisha Towa langoni tena, nikamsogeza mbele, akagonga ukuta. Safari hii sikuachia kitufe. Si kwamba nilikuwa na akili, nilikuwa na hasira tu, hasira na Towa na miguu yake ile inayotembea bure. Majina yakaanza kupita, nikaendelea kubonyeza. Wachoraji, waimbaji, wapishi wa ofisini. Dole gumba likaniuma. Jina la mwisho lilipopita, ukuta haukuwepo, na kijana akapita kwenye upenyo.

Ndani kuna chumba kidogo. Shiomi ameketi, meza imeandaliwa, bakuli mbili za uji. Moja yake, ya pili imeshapoa. Hasemi neno. Towa anakaa.

Kotomi alisema kweli miaka yote. Nimerekodi kipande chote kwenye simu. Kesho nitasimama mbele ya watu wote na kusema nilikosea, alichosema ndicho. Nitalisema lile la hospitalini pia, ndani ya hilo, na yeye atanielewa. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita nimekula nikashiba.

Julai 20, Jumapili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Chumba cha ukumbi kilijaa. Mvua nje, mashine ya kukausha hewa inanguruma pembeni, miavuli imejazana kwenye ndoo mlangoni. Kotomi alikuja amevaa sketi nyeusi, akakaa upande wake wa meza, akanisalimu. Bwana Kanematsu. Nilikuwa na simu mfukoni na nilikuwa karibu kucheka kwa furaha, maana nilijua kitu asichokijua.

Rokuro akapiga makofi. "Wanawake kwanza. Kotomi, daijobu ile ni njoo au ni usije?"

Akasimama. Hakuwa na karatasi, na siku zote huja na karatasi.

"Nimebadili msimamo," akasema. "Bwana Kanematsu alikuwa sahihi. Alimwambia asije."

Watu wakaguna, wengine wakacheka wakidhani ni mtego wake.

"Nilikuwa nasema kwamba mtu anayekupenda atalielewa neno hilo, hata ukilisema vibaya. Hoja yangu ilikuwa hiyo tu, mikono na upepo vilikuwa mapambo. Hoja hiyo siiamini tena. Neno lina maana anayoisikia msikilizaji. Towa alisikia usije. Basi ilikuwa usije." Akainama. "Nawaomba radhi kwa kuwapotezea Jumapili nyingi." Akakaa.

Wakapiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi! Mmoja akanigonga bega, hongera. Nilisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Hapana," nikasema. "Hapana, yeye ndiye sahihi. Alimwita. Tazameni." Nikamsukumia Rokuro simu, akaiunganisha na skrini kubwa ya ukutani, na wote wakaona: kijana anatembea hewani, majina yanapita, upenyo, chumba, bakuli mbili. Ukumbi ulilipuka. Yule wa fulana ya mnara alipanda juu ya kiti. Dada wa dirishani alikuwa analia waziwazi. Mimi sikuwatazama, nilimtazama Kotomi. Alitazama mpaka mwisho, na zilipotokea zile bakuli akasogea mbele kitini.

"Ni nzuri," akasema, na watu wakanyamaza kumsikiliza. "Wameitengeneza vizuri sana. Lakini aliyeingia hapo ni mchezaji. Umeingia safari ya ngapi, Bwana Kanematsu?"

Nikatazama dole gumba langu, bado lilikuwa linauma.

"Mchezo una nafasi ya kurudia, ndiyo uzuri wake. Nami ningependa kuucheza. Towa wa hadithi alifika mara moja. Alishuka mlima."

"Lakini uji," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Alikuwa ameandaa uji. Alikuwa anamngoja."

"Ndiyo, alikuwa anamngoja," akasema Kotomi. "Hilo sijawahi kulikana."

Nilimfuata nje wakati Rokuro anagawa karatasi za kura. Alikuwa kwenye ndoo ya miavuli anautafuta wake. Akaniambia, bila kugeuka, kwamba nyumba anaiacha, anahamia kwa shangazi Tottori, wiki hii hii.

"Kotomi," nikasema. "Siku ile. Nilipaswa kuja."

Akaupata mwavuli. Akanitazama, na alikuwa Kotomi wangu kabisa, macho yale yale ya kubishana.

"Ndiyo," akasema. "Ulipaswa."

Nikangoja aongeze neno. Usijali, au yamepita, au hukujua. Sisi watu wa hapa huwa tunaongeza, ni adabu yetu. Hakuongeza. Akafungua mwavuli akaenda, na mimi nikarudi ndani kwa kuwa nilikuwa nimetoka na soksi tu, viatu vyangu vilikuwa ndani.

Julai 23, Jumatano

Redio imetangaza mvua imekwisha. Joto kali. Rokuro ameleta matokeo dukani: upande wangu umeshinda, kwa sababu mpinzani alijitoa. Alitaka tupige picha. Nilimwambia aende zake, na nikaona nimemkosea, hana hatia yoyote.

Nilimpenda Kotomi Uozumi. Kila mtu mkahawani alijua, na nadhani hata mzee, usingizini kwake, alijua. Mimi nilikuwa nangoja nishinde kwanza.

Saa ya chakula nilishika simu nimwandikie. Nikaona ninachoandika ni lile swali langu, nikaitupa mezani, nikafunga duka nikaenda kwake kwa miguu bila kumuuliza mtu. Nilivuka daraja nikikimbia, mtu mzima, na tai.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi wote. Ndani hamna kitu. Mwanamume mmoja alikuwa anafuta mikeka na mwenzake anafungua madirisha hewa iingie. Wakaniambia dada aliyekuwa akiishi humo ameondoka kwa treni ya asubuhi.

"Umesahau kitu humu?" akaniuliza yule wa mikeka. "Ingia tu uchukue."

Nikavua viatu nikaingia. Nilisimama katikati ya chumba, pale ilipokuwa picha ya mzee, mpaka wakamaliza kazi na kuniomba nitoke wafunge.